Naomba ushauri: nataka kufungua ukurasa wa utani wa kumuiga mtangazaji wetu wa mpira hapa Tanga

Mgosi wa Barabara ya 12

Wakuu, habari za jioni.

Wa Tanga mtanielewa haraka. Kuna mtangazaji wa redio moja ya hapa mjini, jina silitaji kwa sababu ni mtu mzima na tunaheshimiana, anatutangazia mechi za Coastal Union, Wagosi wetu, pale uwanja wa Mkwakwani. Mzee ana vituko vyake. Mpira ukitoka nje tu, anasoma saa. Akimaliza saa, anasalimia watu wa Pongwe. Akitoka Pongwe tumeshafungwa, na yeye anasema, "Naam, kama nilivyowaambia." Hakuwa ametuambia kitu!

Kijiweni mimi ndiye ninayemuiga, watu wanashika mbavu. Sasa vijana wamenishikilia nifungue ukurasa Facebook na Instagram, niwe natupia maneno kwa staili yake. Nimeandika la kwanza, hili hapa:

"HABARI ZILIZOTUFIKIA HIVI PUNDE: Coastal Union yamnasa mshambuliaji hatari kutoka Brazil. Atatua kesho saa 4 asubuhi Uwanja wa Ndege wa Tanga. Wagosi jitokezeni!"

Je, niweke picha yake na nembo ya redio ili watu wamtambue? Sheria zikoje? Na mbona nikiisoma mwenyewe naona imepoa, wakati kijiweni nikifungua mdomo tu wanacheka?

Nawasilisha.

Shabiki Kindakindaki

Mgosi, ukishataja saa na uwanja wa ndege, kuna watu watakwenda kweli. Shemeji yangu wa Makorora atafika saa 2 na vuvuzela.

Fundi Mitambo Mstaafu

Mdogo wangu, mimi nimezeekea nyuma ya kioo cha studio, hedifoni masikioni, nikiwasikiliza hawa watu unaotaka kuwaiga. Acha nikueleze.

Hiyo uliyoandika imepoa kwa sababu mzee mwenyewe hayumo. Ni uongo wa usajili tu, na dirisha la usajili likifunguliwa kila mwenye bando anaandika wa kwake. Mzee umemwacha kijiweni.

Sikiliza anachofanya. Mtangazaji wa redio hana picha ya kumsaidia. Akinyamaza kidogo tu, msikilizaji wa Muheza anadhani redio imezima, anaanza kuipiga piga mgongoni. Kwa hiyo mpira ukisimama, ulimi hausimami. Atasoma saa, atarudia matokeo, atakukumbusha Coastal wanashambulia kutoka upande gani kwenda upande gani, atasalimia watu. Mnamcheka kwa saa, lakini kuna mtu amefungua redio dakika hiyo hiyo na hajui mechi imefika wapi. Tena mara nyingi sisi wa mitambo ndio tuliokuwa tunamnong'oneza sikioni: rudia matokeo, tangazo la sabuni, kuna laini inakatikakatika. Nusu ya vituko mnavyocheka vilitoka kwetu!

Basi chukua huo ulimi wake, upeleke mahali ambapo hakuna mpira kabisa. Mfano:

"Naaam, dakika ya 38 hapa Soko la Mgandini, bado ni bilabila baina ya mama mwenye kikapu na muuza nazi. Mama anaichukua nazi, anaitikisa, anaisogeza sikioni, anasikilizaaa... anairudisha! Loo! Ilikuwa nafasi ya wazi kabisa. Saa yangu inaniambia ni saa 3 na dakika 12. Muuza nazi anapanda taratibu, anasema elfu moja mia mbili, mama anakata kushoto, anasema mia nane, wanagongana katikati ya uwanja, mwamuzi anasema endeleeni. Kwa wale mnaojiunga nasi sasa hivi, bado nazi haijauzwa."

Hiyo hata ikisambaa mpaka Lushoto, hakuna atakayefunga safari kwa ajili yake. Na mzee mwenyewe akiisoma atajua umemsikiliza kweli. Mtu anayemuiga mwenzake vizuri lazima awe amemsikiliza kuliko mashabiki wake wote.

Sisi utotoni hatukucheza chandimu bila mmoja kusimama pembeni kutangaza, na alitangaza kwa sauti ya Ahmed Jongo, mtangazaji wa mpira wa RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Jamaa zetu wa Mombasa walikuwa na Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya, nao hivyo hivyo. Hakuna aliyedhani tunawakejeli. Aliyeshindwa kuiga ndiye aliyepelekwa golini.

Mambo ya kuacha: maradhi yake, nyumba yake, kabila lake, meno yake. Cheka kazi yake. Picha yake usiiguse, nembo ya redio usiiguse. Tafuta kijana akuchoree kibonzo cha maikrofoni iliyovaa baraghashia, mpe jina lako mwenyewe la kutunga. Watu wa Tanga hawahitaji kuambiwa ni nani, sentensi ya kwanza tu wameshamjua.

Wakili wa Mtaani

Fundi kamaliza, mimi naongeza la sheria, maana wengi huku wanadhani neno "utani" ni kinga.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15, inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, na simu yako imo humo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Picha yake na nembo ya redio zingekusogeza huko. Kifungu cha 16 ni habari za uongo unazojua ni za uongo, ukiwa na nia ya kuchafua mtu au kupotosha umma: hapo napo si chini ya milioni 5, au miaka isiyopungua 3, au vyote. Mbrazil wako wa saa 4 ungepata kazi kumweleza hakimu kwamba hukutaka mtu aamini, wakati umeandika "jitokezeni".

Jingine la kivitendo. Jina la ukurasa halisafiri. Mtu atapiga skrini, atakata juu na chini, atatupa kwenye magrupu ya WhatsApp, na huko hakuna anayeona kwamba ukurasa ni wa utani. Kwa hiyo alama ya utani iwe ndani ya picha, karibu na maneno, mahali ambapo akiikata anakata na maneno yenyewe. X tangu Aprili 2025 wanataka kurasa za namna hii zijitambulishe mwanzoni mwa jina, nami naona wamefanya vizuri, maana mkia wa jina refu kwenye simu hauonekani.

Kocha wa Benchi

Mimi sikubaliani na Fundi kwamba usajili uachwe kabisa. Usajili ndio wali wetu wa kila siku. Ila uongo uwe mkubwa mpaka ushindwe kusimama. Mfano: "Coastal Union yasajili upya kikosi chote kilichotwaa ubingwa 1988. Vipimo vya afya kesho, wachezaji waje na wajukuu wa kuwashika mkono."

Na msisahau kumuiga akinyamaza. Ngao ya Jamii ya Agosti 2023, Simba na Yanga pale pale Mkwakwani, kipa wa Simba Ally Salim alipookoa penalti ya tatu mzee wetu alikata kauli. Nilisikia makelele ya uwanja tu, kisha akasema polepole, "Sasa... sasa huyu kijana..." Basi. Sijawahi kumsikia akitangaza vizuri kuliko siku ile.

Fundi Mitambo Mstaafu

Kocha, ya 1988 naipitisha. Lakini ukiandika "vipimo vya afya kesho", usitaje hospitali. Watu wetu nawajua.

Mgosi wa Barabara ya 12

Wakuu, shukrani. Mbrazil nimemrudisha kwao. Nimejaribu upya, naomba mniambie:

"Naaam, tuko dakika za nyongeza ndani ya daladala hii iendayo Raskazone. Konda anapokea noti ya elfu kumi, anaitazama, anaikunja, anaiweka mfukoni! Abiria analalamika, ananyoosha mkono kuomba chenji, konda anaangalia pembeni, anampigia pasi dereva, dereva anasema yeye hahusiki. Kituo kinakaribia, abiria anainuka, anarudi kukaa..."

Fundi Mitambo Mstaafu

Hapo mzee ameingia. Rekebisha kitu kimoja tu: kwenye "abiria anainuka", katisha sentensi, weka tangazo la godoro, refu, na namba za kupigia simu tumia nyota badala ya tarakimu asije mtu akapiga. Ukirudi hewani, abiria ameshashuka na daladala imeondoka.

Kisha itupie. Asubuhi watu wakiwa kwenye foleni ya mihogo ndiyo saa yake.