Shairi la Frost kuhusu msitu na theluji: je, ni kifo au ni theluji tu?

Muulizaji

Habari zenu, ndugu wapenzi wa ushairi. Nimelisoma mara kadhaa shairi la Robert Frost, mshairi wa Marekani, liitwalo "Stopping by Woods on a Snowy Evening", na kila nikilimaliza hubaki nikihisi kwamba kuna jambo limenipita. Maneno yake ni mepesi na kisa chenyewe ni kifupi mno: msafiri anasimama jioni kando ya msitu ambao anadhani anamjua mmiliki wake, anatazama theluji ikiujaza, farasi wake anashangaa, kisha anakumbuka kwamba ana ahadi za kutimiza na mwendo mrefu kabla ya kulala. Nimekutana na maelezo yasemayo kwamba shairi zima linahusu kifo, ilhali mimi naona theluji tu. Je, nimelisoma vibaya? Na kwa nini mshororo wa mwisho umerudiwa neno kwa neno?

Mchangiaji wa kwanza

Hujalisoma vibaya, ndugu. Ila ningekushauri utangulize sikio kabla ya kutafuta maana. Theluji iliyotoka kuanguka huwa na nafasi nyingi za hewa kati ya chembe zake, na nafasi hizo humeza sauti, ndiyo maana mahali palipofunikwa na theluji mpya huwa pamenyamaza kwa namna isiyo ya kawaida. Sasa rudi kwenye ubeti wa tatu. Farasi anatikisa njuga zake mara moja, kana kwamba anauliza kama pana kosa. Zaidi ya hapo hakusikiki kitu ila upepo mwanana na chembe laini zinazodondoka. Ukiambiwa kwamba msafiri anazisikia hata chembe za theluji, umekwisha kuelezwa ukimya ulivyo mzito.

Njuga hizo nazo hazikuwa pambo tupu. Kwato juu ya theluji hazisikiki vizuri, kwa hiyo njuga ziliwatahadharisha wengine waliokuwa njiani. Ndiyo sauti pekee ya watu na kazi zao iliyobaki katika shairi, na inatoka kwa mnyama, ambaye kwake kusimama pasipo na nyumba ni jambo lisiloeleweka. Msafiri yuko kati ya mlio huo na ukimya wa msitu, na kwa maoni yangu mvutano huo ndio shairi lenyewe.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze kuhusu umbo, kwa kuwa swali la mshororo uliorudiwa haliwezi kujibiwa bila hilo. Shairi lina beti nne za mishororo minne minne, na kila mshororo una mizani 8. Katika ubeti wa kwanza, mishororo ya kwanza, ya pili na ya nne ina kina kimoja, na mleto, yaani mshororo wa tatu, peke yake una kina tofauti. Kina hicho kilichoachwa pekee ndicho kinachotawala ubeti wa pili, na mleto wa ubeti wa pili nao unauzalia ubeti wa tatu, hivyo hivyo hadi wa nne. Msomaji aliyezoea bahari ya pindu, ambamo maneno ya mwisho wa ubeti huanzia ubeti unaofuata, atauona undugu hapa, ingawa katika pindu yanayovushwa ni maneno, na hapa ni kina tu.

Matatizo ya mtunzi yanaanzia ubeti wa mwisho. Mleto wake ungeleta kina kipya, shairi lingedai ubeti wa tano, na wa tano ungedai wa sita. Frost anaufunga mnyororo kwa kuipa mishororo yote minne kina kimoja, na wa mwisho anaurudia. Unapousoma mara ya kwanza, usingizi ni usingizi na safari ni safari. Mara ya pili maneno hayajabadilika, lakini wewe umebadilika, na hapo ndipo wanaosoma kifo hupata mlango wao.

Mchangiaji wa tatu

Mlango upo, ila tusiulazimishe. Frost alilitunga Juni 1922 huko Vermont, Marekani, wakati wa kiangazi, asubuhi iliyofuata usiku mzima wa kuhangaika na shairi jingine refu, na likachapishwa mwaka 1923. Mtu aliyekesha anapoandika kuhusu usingizi, huenda anautaka usingizi kwelikweli!

Angalieni pia mkato. Frost aliandika kwamba msitu unapendeza, akaweka mkato, kisha giza na kina (kina cha msitu, si kile cha ushairi) bila mkato kati yao, hata giza na kina vikawa ndivyo vinavyoufanya msitu upendeze. Toleo la mashairi yake la mwaka 1969 liliongeza mkato baada ya giza, na sifa zikawa tatu zinazolingana. Mimi nashikilia uakifishaji wa mtunzi, kwa sababu uzuri unaotokana na giza ndio unaomfanya msafiri asite.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimelisoma tena kwa sauti, taratibu, na nimeona jambo ambalo sikuwa nimeliona: msafiri anasema ana ahadi, anasema mwendo ni mrefu, anasema tena kwamba mwendo ni mrefu, lakini hakuna mshororo hata mmoja unaosema kwamba farasi ameanza kutembea.