Tabarnak, mchawi na “tu”: ni nini kinacholifanya neno kuwa tusi?

Mkaaji wa Kadutu (Bukavu)
Wapendwa, naomba mawazo yenu. Tuna fundi mgeni kutoka Québec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, anayetufundisha kutunza pampu za maji. Juzi spana ilimteleza, akaumia kidole na kupaza sauti: “Tabarnak!” Mama anayetupikia, mwanajumuiya wa parokia yetu, alifanya ishara ya msalaba, akaniuliza kwa nini bwana huyu anaitaja tabernakulo, kile kisanduku kitakatifu cha Ekaristi kanisani, kwa hasira. Mchana, wageni watano walipofika bila taarifa na chakula kikatosha sawasawa, fundi yuleyule akamwambia akicheka: “Mama, wewe ni mchawi!” Kwake ilikuwa sifa. Mama aliweka mwiko chini, akatoka, na hajarudi hadi leo. Nimweleze fundi vipi?

Mwalimu wa Katindo (Goma)
Ndugu, anza na tusi lake mwenyewe. Huko Québec, Kanisa Katoliki lilitawala shule na hospitali kwa vizazi vingi, hadi mageuzi ya miaka ya 1960, na watu waliochoka kusimamiwa hivyo waliyachukua maneno ya altareni, yaani tabernakulo, kalisi (kikombe cha misa) na hostia (mkate wa misa), wakayafanya ya kutukania. Waholanzi nao hutukanana kwa magonjwa: kansa, kifua kikuu, homa ya matumbo, hata kipindupindu. Mimi niliyekuwa Goma mwaka 1994, kipindupindu kilipoua maelfu ya wakimbizi kwa wiki chache, siwezi kulisikia jina hilo likirushwa barabarani kama jiwe. Kila watu huchukua tusi pale wanapoogopa au wanapoheshimu, na kwetu mahali hapo ni kwa mama mzazi.

Mama wa Ibanda (Bukavu)
Samahani Mwalimu, lakini “mchawi” haliingii katika fungu hilo. “Tabarnak” ilikwenda hewani. “Mchawi” ni shtaka, na limemwangukia mtu mwenye jina na majirani. Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kuwashtaki watoto uchawi, kwa sababu wengi wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja, na wanawake wazee nao hawasalimiki. Mkaaji, dirisha la jiko lilikuwa wazi? Nani mwingine alisikia? Kama kuna waliosikia, msimwite mama ofisini kumwomba radhi kwa siri. Fundi aende kwake, na aseme mbele ya wale wanaoishi naye kwamba alikuwa anayasifu mapishi.

Mzee wa Kamalondo (Lubumbashi)
Naunga mkono, na naongeza jambo moja. Watu wa Québec hutumia “tu”, ile “wewe” ya Kifaransa isiyo ya heshima, kwa wepesi, nao hawana nia mbaya. Kwetu neno hilo lina kovu. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wetu, mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji, waziri mkuu wetu wa kwanza Patrice Lumumba alipokumbusha matusi na mapigo, alitaja pia kwamba Mweusi aliitwa “tu”, si kama rafiki, bali kwa kuwa “vous” ya heshima ilikuwa ya Wazungu peke yao. Basi fundi, akienda kuomba radhi, amwambie mama “vous”, na asikubali kusaidiwa na mkalimani kijana atakayesahau kusema “shikamoo”.

Mkaaji wa Kadutu (Bukavu)
Asanteni sana. Dirisha lilikuwa wazi, na vijana wawili wa kuchota maji walikuwa chini yake. Nimemweleza fundi leo asubuhi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza nyumba ya mama iko upande gani. Tunakwenda Jumamosi, na vijana wale wawili tunakwenda nao.