Nimefungiwa ndani kwa nje Mji Mkongwe, nnae mtoto, nifanye nini?

Assalam alaykum jamani naomba ushauri wa haraka simu chaji inakwisha. Niko Kiponda nyumba ya shoga yangu, kenda Pemba arusini kanambia nimlalie nyumba mpaka arudi. Huyu ana mambo yake, wezi anawaogopa kupita kiasi, kwahiyo kila baada ya isha kuna kijana anapita anatia mnyororo mlangoni na kufuli kwa nje, mpaka alfajiri ndo anafungua, ufunguo mwengine hakuna. Leo kafunga kama kawaida, sasa umeme wa tukuza umekwisha kiza kitupu, kijana hapatikani na shoga hapokei simu, madirisha yote nondo, na mwanangu ana pumu kaanza kukohoa dawa yake ya kuvuta imebaki kidogo. Nivunje mlango au nipande juu nipite paa la jirani? Kupiga kelele saa hizi naona haya.

FundiMbao: Dada mlango uwache, ubao ule msaji mzito na unafunguka kuelekea ndani, utajichosha bure. Atafutwe mtu aje kwa nje na msumeno wa chuma akate kufuli pale kwenye tumbuu, dakika chache tu na mlango haudhuriki.

Mshangani: Paa usithubutu wallahi!! Nyumba zetu hizi boriti zimekula maji miaka na miaka na usiku huoni unakanyaga wapi. Jumba la kale la Beit al Ajaib lenyewe liliporomoka Disemba 2020 likaua watu wawili.

Mama Wawili: Mie mtoto wangu ana pumu pia. Mkalishe wima usimlaze, na usiwashe udi wala dawa ya mbu ya kuchoma wala jiko la mkaa humo ndani hata kama kiza kinakutisha. Akishindwa kusema maneno kwa kukosa pumzi au midomo ikibadilika rangi hiyo si ya kusubiri alfajiri.

Bin Vuga: Piga 114 zimamoto na uokozi SASA HIVI, waambie msikiti ulio karibu maana gari haliingii vichochoroni, watakuja kwa miguu. Halafu nenda dirisha la upande wa baraza uite jirani kwa sauti, haya ya nini na mtoto anaumwa? Jirani atamwamsha sheha wa mtaa.

Muulizaji: Alhamdulillah tumetoka. Jirani kasikia, kaja na sheha na mtu wa msumeno, kufuli limekatwa, tunaelekea hospitali ya Mnazi Mmoja mtoto anapumua kwa tabu ila anazungumza. Shoga ndo kapiga sasa, anauliza kwanza kufuli lake, hata mtoto hajamuuliza, nimeumia sana. Nirudi kulala kule kesho?

Mama Wawili: Mtoto kwanza, watakupa dawa nyengine inshaallah. Kufuli mnunulie jipya yaishe, na kama anataka ulale mwambie ufunguo unakaa kwako mfukoni, akikataa amtafute mwengine.