Jina moja, sabuni na mgahawa: domeni tuzigawe vipi?

MamaSabuni (Chumbageni, Tanga): Habari zenu jamani. Natengeneza sabuni za mwani. Jina langu la biashara nimekuta mgahawa umeshalichukua kama domeni, yaani anwani ya tovuti, kwenye .co.tz. Hawajanikosea, wao chakula, mimi sabuni. Kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa kawaida tunaweza kusajili alama ileile ya biashara sote wawili, maana bidhaa na huduma zimegawanywa kwa madaraja: sabuni iko daraja la 3 na mgahawa la 43. Intaneti haina madaraja, aliyewahi kawahi. Je, domeni zingepangwa kwa namba za madaraja, au kwa neno la kazi, kama hoteli zilivyopewa hotel.tz?

Fundi_Ngamiani: Namba, dada. Madaraja hayo ya alama, yaitwayo ya Nice, ni 45, bidhaa 34 na huduma 11, na nchi nyingi zinayafuata. Kule Marekani Uzi Nissan alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa jina la ukoo wake, akiuza kompyuta. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Nissan ikamshtaki, wakavutana miaka. Kompyuta daraja la 9, magari la 12: kila mtu angekuwa na mlango wake.

Shamba_Muheza: Mimi nalima machungwa. Chungwa zima ni daraja la 31. Nikilikamua juisi, la 32. Nikipika jemu, la 29. Chungwa moja milango mitatu! Na mteja wangu wa soko la Mgandini atajuaje abonyeze upi? Yeye anajua chungwa.

BintiRaskazone: Nasomea sheria, niongeze hapo kwa Shamba. Namba zenyewe huhama. Hadi 2001 migahawa ilikuwa daraja la 42. Januari 2002 daraja hilo likagawanywa, ndipo ikaenda la 43. Anwani iliyochapwa kwenye mabango ingebadilishwa yote. Na wewe mama, ukitia dawa kwenye sabuni unaingia daraja la 5.

Fundi_Ngamiani: La kuhama sikulifikiria. Ila neno nalo halitoshi: wauza sabuni wawili wa mikoa miwili wenye jina moja?

BintiRaskazone: Hao wako daraja moja, kaka. Huo ni ugomvi wa alama yenyewe, domeni haiwezi kuuamua.

MamaSabuni: Ahsanteni sana. Nachukua jina langu na neno sabuni, .co.tz, na alama naiombea daraja la 3 kabla sijachapa vibandiko vipya. Kesho napita pale mgahawani: waweke kiungo cha kwangu, nami niweke chao, mteja akipotea njia arudishwe.