Gari liliteleza kwenye dizeli Southern Bypass, naambiwa nikiri kosa. Nifanye nini?

MamaMayai

Habari zenu wadau. Nauliza kwa wanaojua mambo ya korti ya trafiki, maana Alhamisi hii naenda korti ya Kibera, Nairobi, kusomewa mashtaka na wiki nzima sijapata usingizi.

Mimi huchukua mayai Wangige mara mbili kwa wiki, nayasambaza Lang'ata na Rongai kwa Probox. Jumatatu ya juzi nilikuwa Southern Bypass saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ile baridi ya Julai yenye manyunyu, ukungu umetanda upande wa msitu wa Ngong. Nilikuwa kwenye hamsini na kitu, taa zinawaka. Kwenye mteremko usukani ukawa mwepesi ghafla, kama vile magurudumu hayagusi lami. Sikukanyaga breki. Gari likazunguka lenyewe, likagonga kingo za chuma, likarudi likampata ubavuni mwenye pikapu aliyekuwa anapita. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Mlango wa pikapu ulibonyea, na trei zangu kumi na nane zikaisha zote.

Niliposhuka nusura nianguke. Lami ilikuwa na rangirangi kama za upinde wa mvua, harufu ya dizeli imejaa kila mahali. Raba zangu mpaka leo zinanuka, nimezifunga kwenye mfuko. Vijana wawili wa bodaboda wakasimama, wakawa wanachota udongo kando ya barabara kwa helmeti zao na kuumwaga pale ili wengine wasianguke. Askari alipofika, dizeli ilikuwa imeshafunikwa. Akapima, akachora, akaandika nimeendesha bila uangalifu.

Kituoni niliacha dhamana ya elfu kumi, risiti ninayo. Aliyeniandikia maelezo akaniambia, "Mama, kubali tu, hakimu atakupiga faini kidogo urudi kwa biashara yako." Mume wangu anaona hivyohivyo. Lakini dizeli sikuimwaga mimi. Nikubali ili yaishe?

TeksiWaZamani

Pole sana dada. Usikubali.

Nimeendesha teksi tangu 1994. Mwaka 2011 nilikuwa nashuka kutoka Limuru kwenye ukungu, nikateleza kwenye matope yaliyoachwa na lori, nikamgonga mtu kwa nyuma. Niliambiwa maneno hayohayo uliyoambiwa wewe. Nikakiri, nikalipa elfu nane, saa sita mchana niko stendi nakunywa chai. Nilidhani nimenunua amani.

Baada ya miezi minane nikaletewa karatasi: mwenye gari ananidai korti ya madai. Wakili wake hakuhangaika na matope wala ukungu. Alitoa nakala ya hukumu yangu, basi. Nilipotaka kueleza habari ya lori, nikaulizwa, "Si ulisema mwenyewe ulikosa?" Deni lile nimelimaliza 2014. Siku ile ya kukiri hainitoki kichwani, dada, kwa sababu hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na haraka tu.

KaraniWaWakili

Alichosema mzee kina msingi wake kwenye sheria. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya hatia, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi kamili kwamba ulitenda lile kosa. Kwenye kesi ya madai unaweza bado kubishana kuhusu sehemu ya lawama ya mwenzako, lakini yako umeshaibeba. Na ukikiri, rufaa yako kwa kawaida itahusu adhabu peke yake. Hiyo "faini kidogo" nayo hakuahidi hakimu: kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki kinaruhusu hadi shilingi 100,000 au jela hadi mwaka mmoja kwa kosa la kwanza.

Alhamisi utasomewa mashtaka kwa lugha unayoielewa. Jibu "si kweli". Usianze kusimulia ajali siku hiyo, wakati wake utafika. Omba dhamana uliyoacha polisi iendelee. Kisha omba upewe mapema maelezo ya mashahidi, ule mchoro wa askari na ripoti ya ukaguzi wa gari. Ni haki yako chini ya ibara ya 50 ya Katiba, si hisani. Ripoti ikisema breki na matairi yalikuwa sawa, ni silaha yako. Ushahidi wao ukiwa mwepesi, hakimu anaweza kukuachilia chini ya kifungu cha 210 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kabla hata hujajitetea.

Nikwambie ukweli pia: utapoteza siku kadhaa za kazi. Kesi huahirishwa, shahidi asipofika unarudishwa nyumbani.

Wa_Kinungi

Mimi naongeza jambo moja ambalo wengi huharibu hapo. Usiende kusema "kulikuwa na mvua na ukungu". Hakimu atakujibu kwamba dereva mwangalifu hupunguza mwendo kukiwa na ukungu, na atakuwa amesema kweli. Sisi wa huku Kinungi tunazika watu kila kipupwe kwa sababu ya madereva wanaolaumu hali ya hewa. Ukungu uliuona. Dizeli hukuiona, na usingeweza kuiona gizani. Utetezi wako uko hapo. Mwendo wako utaje ulivyokuwa, usiupunguze hata kidogo.

Na wale vijana wa helmeti umewatafuta? Hao ndio walioiona dizeli kabla haijafunikwa. Mwenye pikapu pia, kama ni mtu wa haki, muulize alikanyaga nini aliposhuka.

MamaMayai

Asanteni sana, hasa mzee wa teksi. Nilimsomea mume wangu maneno yako, akanyamaza, kisha akasema tukatae.

Leo ni Ijumaa. Jana nilisimama kizimbani miguu ikitetemeka, nikasema si kweli. Dhamana imeendelea, kesi itatajwa mwezi ujao, na upande wa mashtaka umeambiwa unipe maelezo yote kabla ya siku hiyo. Ilichukua dakika tatu hivi.

Mwenye pikapu hashiki simu. Lakini asubuhi ya leo nilienda stendi ya bodaboda iliyo karibu na pale, nikauliza, wakaniitia mmoja wa wale vijana. Amekubali kuja kusema alichokiona, na nitamlipia siku atakayoikosa kazini. Akanionyesha helmeti yake. Kitambaa cha ndani kimeganda udongo, na chini ya udongo kuna doa jeusi ambalo anasema ameliosha mara mbili kwa sabuni na halitoki. Nimeinusa. Nimeipiga picha, na nimemwomba asiioshe tena.