MREJESHO: Mita mbili za nguvu zisizopatana

Habari wakuu. Niliuliza kwa nini nikiendesha baiskeli, mita ya nguvu ya kwenye pedali inasoma wati 214 huku mashine ya mazoezi ya ndani inayofungwa baiskeli ikisoma 196. Asanteni sana kwa majibu.

Kwanza niliiacha baiskeli izoee joto la chumba ndipo nikaweka sifuri upya kwenye mita zote mbili. Tofauti ikashuka kutoka 18 hadi 11.

Aliyesema nitundike uzito, ubarikiwe sana! Nilitundika kilo 10 kwenye pedali, mkono wake (ule mtaimbo unaoshika pedali) wa milimita 170 ukiwa umelala sawasawa. Hesabu inadai nyutoni-mita 16.7 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), programu ya pedali ikaonyesha 16.6. Basi pedali ni nzima.

Wati nyingi zilizobaki zilikuwa kwenye mnyororo, maana mashine inapima nguvu baada ya mnyororo kula sehemu yake. Nilisugua ule uchafu mweusi, nikatia mafuta. Sasa tofauti ni wati 7, nami nimeridhika.

Kisichopona ni mbio fupi za kasi: hapo mashine bado inachelewa, na vilele vya wati havilingani kabisa. Kwa hizo nafuata pedali.