Ganda la pai: siagi, mafuta ya mgando au majarini?

MpishiPwani: Jamani, jikoni penye joto la 30°C, ganda la pai litokane na nini: siagi, mafuta ya mgando au majarini? Shida ni tatu: linasinyaa, linakuwa gumu, na chini linabaki bichi.

Mama Nuru: Siagi, mpendwa, kwa ladha na matabaka. Bati la sm 23: unga g 180, siagi g 120, maji ya barafu g 60, chumvi nusu kijiko cha chai. Kata siagi ikiwa baridi, ivuruge na unga mpaka vipande vibaki kama njegere. Hivyo ndivyo vinavyofanya kazi: ndani ya oveni, maji yaliyomo kwenye siagi yanageuka mvuke na kuinua tabaka. Vikiyeyuka kabla, unga unakunywa mafuta na ganda linatoka kama biskuti.

Fundi_Oveni: Ila siagi huanza kuyeyuka kwenye 32°C hivi, dada, na kiganja kina joto hilo tayari. Mafuta ya mgando yanavumilia zaidi, lakini ladha hayana. Ni mafuta matupu, hayana maji kama siagi, kwa hiyo g 100 zinatosha. Changanya: siagi g 80, mafuta g 35. Unga na bakuli vikae friza dakika 20 kwanza.

BintiUnga: Majarini ya kopo ya kupaka mkate iacheni kabisa. Ni laini hata ikitoka kwenye friji, na nyingine zina maji mengi, ndiyo maana ganda linakuwa gumu. Ile ya kuokea, ngumu, yenye mafuta 80%, inafaa. Someni pakiti.

MpishiPwani: Ahsanteni. Na kusinyaa?

Mama Nuru: Hapo kosa si la mafuta. Unga umekandwa kama wa chapati. Kusanya tu hadi ushikane, weka kwenye friji saa 1, sukuma, ulaze kwenye bati bila kuuvuta, maana ukivutwa utarudi. Kisha friji tena dakika 30.

Fundi_Oveni: Kwa chini kubichi: toboa kwa uma, tandika foili, jaza maharage makavu mpaka ukingoni, oka 200°C dakika 20 kwenye reki ya chini. Toa maharage na foili, oka dakika 7 nyingine, paka ute wa yai, rudisha dakika 2. Nyama ya kujaza iwe imepoa kabisa na mchuzi wake umekauka.